Tovuti ya biashara: Bei ni ya kujenga, gharama ni ya kutunza

WAFANYABIASHARA wengi wanaponunua tovuti huulizana swali moja tu: imejengwa kwa shilingi ngapi? Swali hilo ni halali, lakini silo linaloamua kama fedha imetumika vizuri. Yanayoamua ni maswali mawili yanayofuata, ambayo mara nyingi huulizwa wakati maji yamekwisha kumwagika: nani ataitunza tovuti hiyo baada ya kukabidhiwa, na nani anashika funguo zake?

Kisa kinachojirudia sokoni ni hiki. Mwenye duka la vipuri vya magari Kariakoo anajengewa tovuti na kijana anayefahamika mtaani. Anatoa kianzio, anamalizia baada ya wiki tatu, na kazi inapendeza: picha za mzigo, bei, namba za simu. Mwaka wa kwanza mambo yanakwenda vizuri. Wateja wa Mbeya hata Lubumbashi wanapiga simu wakiwa wamekwisha kuona bei, na maneno ya kuvutana yanapungua. Mwaka wa pili yule kijana anapata ajira mbali na namba yake haipatikani. Asubuhi moja tovuti haifunguki. Mwenye duka anapofuatilia anaambiwa kwamba jina la tovuti halikulipiwa, tena lilisajiliwa kwa barua pepe ya fundi, si yake.

Duka lipo, mzigo upo, leseni ipo ukutani. Lakini anwani iliyochapwa kwenye kadi, kwenye vitabu vya ankara na ubavuni mwa gari la mizigo si mali ya mwenye duka, wala haikuwa mali yake tangu mwanzo.

Hasara ya namna hii haitokani na ubovu wa teknolojia. Inatokana na kununua kitu bila kujua kimeundwa na vipande gani, na kila kipande ni cha nani.

Vipande vinne

Mwenye kununua tovuti, kimsingi, anachukua vitu vinne kwa pamoja.

Cha kwanza ni jina, ambalo mafundi huliita domeini. Hili ndilo wateja wanaloandika ili kufika dukani. Jina halinunuliwi moja kwa moja; hukodiwa kwa mwaka au miaka kadhaa, na kwa majina yanayoishia na .com muda wa juu ni miaka 10. Yanayoishia na .co.tz au .co.ke nayo husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa katika nchi husika. Ieleweke kwamba kuandikisha jina la biashara BRELA hakumpi mtu jina la tovuti. Hayo ni madaftari mawili tofauti, na anayewahi ndiye huandikwa.

Cha pili ni nafasi katika kompyuta iwakayo saa 24, ambayo huitwa seva. Nafasi hii ni kama fremu ya duka: inalipiwa pango, na pango lisipolipwa mlango hufungwa. Jina na nafasi vinaweza kutoka kwa kampuni mbili tofauti, na kila moja hutuma ankara yake kwa tarehe yake.

Cha tatu ni programu inayoendesha tovuti. Siku hizi, kwa sehemu kubwa ya tovuti za wateja wadogo na wa kati, hiyo ni mfumo wa kusimamia maudhui.

Cha nne ni maudhui yenyewe: picha, maelezo ya bidhaa, bei, na pengine majina na simu za wateja walioagiza. Hiki ndicho kipande pekee ambacho hakiwezi kununuliwa upya dukani kikipotea.

Mfumo huo ni nini

Zamani kila ukurasa wa tovuti uliandikwa kwa mkono kwa alama za HTML. Duka lenye bidhaa 200 lilikuwa na kurasa 200 zilizosimama kila mmoja peke yake. Kubadili namba ya simu kulimaanisha kumwita fundi afungue kurasa zote, moja baada ya nyingine. Fundi alilipwa kwa kila badiliko, hivyo wenye maduka wakaacha kubadili. Matokeo yake bei za mwaka juzi zilibaki zikisomwa na wateja wa leo.

Mfumo wa kusimamia maudhui ulitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamegandana: maneno na umbo. Maneno, bei na picha huwekwa katika hifadhidata, yaani ghala lenye rafu zilizopangwa. Umbo, yaani rangi, mpangilio na mahali pa nembo, hukaa katika kiolezo ambacho mafundi hukiita themu. Mteja anapofungua ukurasa, programu hukimbilia ghalani, huchukua kinachotakiwa, hukivika umbo na kumkabidhi. Karani anayejua kuandika barua pepe anaweza kuingia kwa neno la siri, akabadili bei ya betri, na bei hiyo ikabadilika kila mahali ilipoonyeshwa.

Mifumo mitatu iliyoenea ina historia fupi. Drupal ilitolewa Januari 2001 na Dries Buytaert wa Ubelgiji. WordPress ilitolewa Mei 27, 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, ambao walichukua programu ya b2 iliyokuwa imeachwa na mtengenezaji wake wakaiendeleza. Joomla ilizaliwa 2005 baada ya waandishi wake kujitenga na mradi wa Mambo. Kati ya hizo, WordPress ndiyo iliyoshika soko: zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa nayo. Afrika nayo ina mkono wake humo. WooCommerce, kifaa cha nyongeza kinachoigeuza WordPress kuwa duka lenye kikapu na malipo, kilitolewa 2011 na kampuni ya WooThemes iliyokuwa na makao Cape Town, na mwaka 2015 kikanunuliwa na kampuni ya Automattic ya Mullenweg.

Zote tatu ni programu huria chini ya leseni iitwayo GPL. Mtu yeyote anaweza kuichukua programu, kuitumia, kuibadili na kutoza fedha kwa kazi yake bila kumlipa mwenye programu ada yoyote. Kwa hiyo mfanyabiashara akikuta kwenye ankara kifungu cha "leseni ya WordPress", ana haki ya kuuliza ni leseni gani hiyo. Fundi anauza ujuzi na muda wake. Programu yenyewe ni ya bure.

Bure yenye masharti

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Programu ni bure kuichukua, lakini si bure kuishi nayo.

WordPress peke yake ni nyumba tupu. Ili iwe na fomu ya maulizo, kikapu, ramani au kifungo cha malipo, fundi huongeza vifaa vidogo viitwavyo plagini. Viko makumi ya maelfu, vingi bila malipo, na kila kimoja kimeandikwa na mtu wake. Baadhi ya watu hao ni makampuni makubwa, wengine ni mtu mmoja anayefanya kazi hiyo usiku akitoka kazini. Akichoka, akiugua au akibadili shughuli, kifaa chake hubaki bila mwangalizi. Tovuti yenye plagini 30 ni kama duka lenye milango 30, kila mmoja na kufuli la fundi mwingine.

Programu hizi zikigundulika kuwa na upenyo, watengenezaji hutoa toleo jipya lililozibwa. Toleo hilo likitangazwa, wadukuzi nao husoma tangazo hilo hilo. Kuanzia hapo ni mbio kati ya mwenye tovuti na mwizi.

Mfano wa Oktoba 2014 bado unatumika kufundishia. Tarehe 15 ya mwezi huo timu ya usalama ya Drupal ilitangaza upenyo mkubwa katika Drupal 7 na kutoa dawa yake. Wiki mbili baadaye timu hiyo ilitoa onyo zito zaidi: mwenye tovuti ambaye hakuweka dawa ndani ya saa 7 tangu tangazo la kwanza, ahesabu kwamba tovuti yake imeshaingiliwa. Saa 7 ni usiku mmoja. Fundi aliyelala mapema alikuwa amechelewa.

WordPress nayo ilipata msukosuko mapema 2017. Toleo la 4.7.2 lilitolewa Januari 26 likiwa na dawa ya upenyo ambao maelezo yake yalifichwa kwa makusudi hadi Februari 1, ili wenye tovuti wapate nafasi ya kujikinga. Pamoja na tahadhari hiyo, kurasa zaidi ya milioni moja ziliharibiwa katika siku zilizofuata, kwa sababu wenyewe hawakuwa wamesasisha.

Ni kweli kwamba tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013 WordPress hujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama. Msaada huo ni mkubwa, lakini haumalizi kazi. Plagini mpya inaweza kugombana na themu ya zamani, na kikapu kikaacha kupokea oda bila mtu kujua. Lugha ya PHP inayoendesha mifumo hii nayo hubadilishwa matoleo, na matoleo ya zamani huachwa bila dawa. Mfumo mzima pia unaweza kufikia mwisho wake: msaada rasmi wa Drupal 7 ulikoma Januari 5, 2025, na waliokuwa bado juu yake walilazimika kuhama kwa gharama au kubaki bila ulinzi.

Kuna wanaojifariji kwamba duka lao ni dogo mno kuvutia mwizi. Faraja hiyo haina msingi. Wanaobisha hodi wengi ni programu zinazopita mtandaoni usiku na mchana zikijaribu kila mlango, bila kujua ndani kuna nini. Wakiingia, huweka matangazo ya kamari, huwapeleka wateja kwenye tovuti nyingine, au hutumia seva kutuma barua za ulaghai. Mwenye duka hugundua mteja anapompigia kuuliza kwa nini tovuti ya vipuri inauza dawa.

Hesabu ya miaka mitatu

Mfanyabiashara huelewa zaidi kwa tarakimu. Zifuatazo ni za mfano tu, ili kuonyesha namna ya kupiga hesabu. Bei halisi hutofautiana kwa fundi na kwa ukubwa wa kazi.

Chukua tovuti iliyojengwa kwa sh. 900,000. Jina ni sh. 40,000 kwa mwaka, nafasi kwenye seva sh. 180,000, na plagini moja ya kulipia sh. 120,000. Matunzo ni sh. 50,000 kwa mwezi, sawa na sh. 600,000 kwa mwaka. Jumla ya uendeshaji ni sh. 940,000 kila mwaka, na kwa miaka mitatu ni sh. 2,820,000. Ukiongeza bei ya kujenga, gharama yote ni sh. 3,720,000. Ile bei iliyogombaniwa mezani siku ya kwanza haifiki hata robo ya fedha yote.

Mwenye duka anaweza kusema: basi matunzo yaondolewe. Akifanya hivyo ataokoa sh. 1,800,000 kwa miaka mitatu. Lakini tuseme katika muda huo tovuti inaingiliwa mara moja tu, nakala ya akiba haipo, na inabidi ijengwe upya kwa sh. 900,000. Tuseme pia duka hupata oda za sh. 2,000,000 kwa wiki kupitia tovuti, zenye faida ya asilimia 15, yaani sh. 300,000. Wiki tatu za kufungwa ni sh. 900,000 nyingine. Akiba yote ya miaka mitatu imekwisha kwa ajali moja, na hapo hajahesabiwa mteja aliyehamia kwa jirani akanogewa.

Hesabu hiyo hiyo lakini ina upande wa pili, na haki itendeke. Duka ambalo halipati oda hata moja kwa njia ya tovuti halina sababu ya kulipa sh. 50,000 kwa mwezi. Kwa duka hilo ukurasa mmoja ulio tuli, wenye anwani, saa za kazi na namba ya WhatsApp, usio na hifadhidata wala plagini, unatosha na hauhitaji matunzo mengi. Kosa ni kununua mfumo mkubwa kwa sababu ya fahari, kisha kuutunza kama ukurasa mdogo.

Matunzo ni kazi gani

Neno "matunzo" kwenye ankara linaweza kuficha kazi kubwa au kuficha usingizi. Mfanyabiashara hana budi kujua anacholipia.

Kazi ya kwanza ni kusasisha mfumo, themu na plagini. Fundi makini hajaribu mabadiliko juu ya duka lililo wazi. Ana nakala ya majaribio pembeni, huangalia kama kikapu na fomu bado vinafanya kazi, ndipo hupeleka mabadiliko kwenye tovuti ya kweli. Kazi ya pili ni nakala za akiba. Nakala inayokaa kwenye seva ile ile ya tovuti haina maana, kwani moto ukiwaka huunguza vyote viwili. Aidha, nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa ni matumaini tu.

Kazi ya tatu ni kalenda ya malipo: jina, nafasi, plagini za kulipia, na cheti cha usalama kinachofunga mawasiliano kati ya mteja na tovuti. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huandika wazi kwamba tovuti isiyo na cheti hicho si salama, na mteja akisoma hivyo hawezi kuacha namba yake. Cheti chenyewe si lazima kiwe ghali. Taasisi ya Let's Encrypt imekuwa ikivitoa bure tangu 2015. Kazi ya nne ni kupunguza: kuondoa plagini zisizotumika, kufuta akaunti za makarani walioacha kazi.

Hapo pana jambo la ngazi za ruhusa. WordPress ina ngazi tano, kuanzia msimamizi mkuu mwenye uwezo wa kufuta kila kitu hadi msajiliwa anayesoma tu. Karani wa kubadili bei anatosha kupewa ngazi ya mhariri, au ya meneja wa duka ikiwa WooCommerce inatumika. Kumpa kila mtu ngazi ya juu ni sawa na kutengeneza funguo za sefu kwa wafanyakazi wote.

Tovuti inayopokea majina, simu au anwani za wateja ina wajibu wa kisheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inayowataka wanaokusanya taarifa hizo kujisajili kwa Tume husika na kuzilinda. Kenya ina sheria yake ya 2019. Orodha ya wateja ikivuja, "fundi wangu alisahau" si utetezi. Kwa malipo, njia ya salama kwa mfanyabiashara mdogo ni kumwachia mtoa huduma wa malipo aliyeidhinishwa ashike namba za kadi na siri za simu, na tovuti ipokee taarifa tu kwamba fedha imeingia.

Funguo zikae wapi

Kusahau kulipia jina si aibu ya wadogo tu. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft yenyewe iliacha jina la passport.com lipitwe na tarehe, na watumiaji wa barua pepe za Hotmail wakapata shida kuingia. Aliyeokoa jahazi alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa nje ya kampuni, ambaye alilipa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe. Mwenye duka Kariakoo asitegemee kupata msamaria wa namna hiyo.

Kwa majina ya .com, muda ukipita msajili huweza kutoa siku za nyongeza kwa utaratibu wake. Jina likishafutwa, kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri, na baada ya hapo jina hurudi sokoni. Wapo wanaosubiri majina yenye wateja kwa ajili ya kuyauza tena kwa bei mbaya.

Dawa ni rahisi na haina gharama. Jina lisajiliwe kwa jina la biashara au la mwenye biashara, kwa barua pepe ambayo ni yake, na namba ya simu anayoishika mwenyewe. Barua pepe hiyo isiwe ile inayotegemea jina hilo hilo la tovuti, kwa maana jina likifungwa, barua ya kumwonya nayo haitafika. Akaunti ya seva iwe ya mwenye duka, na fundi apewe ruhusa ya kuingia kufanya kazi. Fundi akiondoka, ruhusa inafutwa, nyumba inabaki.

Baadhi ya mafundi hukataa utaratibu huo kwa kuogopa kudhulumiwa malipo ya mwisho. Hofu yao ina ukweli, kwani wapo wateja wanaopokea kazi na kuzima simu. Suluhisho ni mkataba: jina na akaunti viwe vya mteja tangu siku ya kwanza, lakini tovuti ijengwe kwenye seva ya fundi na kuhamishwa siku ya malipo ya mwisho. Kila upande unabaki na kitu mkononi hadi wanapomalizana.

Kwa mwenye mtaji mdogo

Biashara hii ina upande wa mwekezaji vilevile. Vijana wengi wenye ujuzi hutafuta mbia wa kuwapa kompyuta, ofisi na mtaji wa kuanzia. Mwenye fedha huonyeshwa orodha ya tovuti zilizojengwa, naye hupendezwa na urefu wake. Orodha hiyo haisemi mengi. Inayofaa kuombwa ni orodha ya wateja wanaolipa matunzo kila mwezi.

Kwa tarakimu zile zile za mfano, kujenga tovuti moja kwa mwezi huleta sh. 900,000 mwezi kazi ikipatikana, na sifuri mwezi isipopatikana. Wateja 20 wa matunzo huleta sh. 1,000,000 kila mwezi, kazi mpya ipatikane isipatikane. Kila mteja akichukua saa 3 kwa mwezi, hiyo ni saa 60, na fundi mmoja anamudu huku akijenga. Wakifika 40 ni saa 120, na msaidizi anahitajika. Ukomo wa biashara unaonekana mapema, na mwekezaji anaweza kuupangia.

Hatari ziko tatu. Ya kwanza ni fedha za kigeni. Seva na plagini nyingi hulipiwa kwa dola, wakati Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zimekataza kutoza bei za ndani ya Tanzania kwa fedha za nje. Fundi anapokea shilingi na kulipa dola. Ankara ya dola 240 ni sh. 600,000 dola ikiwa sh. 2,500, na sh. 648,000 ikiwa sh. 2,700. Mkataba wa mwaka usio na kifungu cha kurekebisha bei humwachia fundi mzigo wote wa tofauti hiyo.

Ya pili ni kutegemea mkono wa mwingine. Septemba 2024 ulizuka mgogoro kati ya Automattic na WP Engine, kampuni kubwa ya kuhifadhi tovuti za WordPress. WP Engine ilizuiwa kutumia ghala la WordPress.org linalotoa masasisho, na wateja wake wakajikuta katikati ya ugomvi usiowahusu, hadi mahakama ya Marekani ilipotoa amri ya muda Desemba mwaka huo kurejesha huduma. Somo kwa mwekezaji ni kwamba programu inaweza kuwa huria, lakini njia zinazopitisha masasisho yake zina wenyewe.

Ya tatu ni ushindani wa wapangishaji. Kampuni kama Wix ya Israel na Shopify ya Canada humpa mteja jengo, nafasi na matunzo kwa ada moja ya mwezi. Mteja haumizi kichwa kwa masasisho, lakini akitaka kuondoka habebi jengo lake. Hubeba bidhaa na orodha, na kwingine huanza kujenga upya. Kwa biashara inayoanza huo unaweza kuwa uamuzi mzuri. Fundi anayeshindana nao kwa bei atashindwa. Atashinda kwa kupokea simu, kuongea lugha ya mteja na kuunganisha malipo ya simu za hapa.

Kabla ya kutia saini

Kwa muhtasari, mfanyabiashara anayeandaa kujengewa tovuti ahakikishe mkataba unajibu haya: (a) jina limesajiliwa kwa nani na linaisha lini, (b) akaunti ya seva ni ya nani, (c) ni plagini zipi zinazolipiwa, na kwa akaunti ya nani, (d) matunzo ya mwezi yanajumuisha kazi gani, na fundi atajibu ndani ya saa ngapi tovuti ikianguka, (e) nakala za akiba zinakaa wapi, na lini mara ya mwisho ilijaribiwa kurudishwa, (f) mkataba ukivunjika, mteja atakabidhiwa nini na kwa siku ngapi.

Mwenye tovuti ambayo tayari ipo anaweza kuanza na (a) wiki hii. Afungue akaunti ya msajili, aangalie jina lililoandikwa kama mmiliki na tarehe ya mwisho, aviandike katika daftari la malipo pamoja na pango, umeme na leseni. Asipoweza kuifungua akaunti hiyo kwa sababu neno la siri analo mtu mwingine, amtafute mtu huyo sasa, wakati bado wanasalimiana. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.